Usingizi wa Majira ya Baridi





Miongoni mwa masuali yanayowasumbua ndugu wapya katika Islam, limo moja ambalo wengi huona haya kuliuliza. Tuchukue mfano wa kijana aliyezaliwa Afrika ya Mashariki, akahamia London kwa ajili ya kazi, na huko Mwenyezi Mungu akamfungulia kifua kuikubali Islam wakati wa kiangazi. Miezi ya kwanza aliamka kwa furaha kusali Alfajiri, ijapokuwa usiku ulikuwa mfupi mno. Lakini ilipofika Desemba mwili wake ukawa mzito kama gunia lililoloa maji. Hulala saa nyingi na kuamka amechoka, husinzia kazini, na sala ya Alfajiri humpita mara kwa mara. Kisha akasikia Hadithi inayofundisha kwamba sala zilizo nzito kupita zote kwa wanafiki ni Isha na Alfajiri. Akajihukumu mwenyewe, akasema moyoni: "Basi mimi ni mnafiki. Afadhali niache kabisa kuliko kumdanganya Mungu."

Ndugu yangu, ikiwa wewe ndiwe kijana huyo, au ikiwa wajiuliza kama dini hii inaweza kuchukuliwa na mtu dhaifu, basi soma maneno haya kwa utulivu. Hukumu uliyojipa ni ya haraka, na mwenye kufurahia hukumu hiyo ni Shetani peke yake.

Yafaa ikumbukwe kwanza kwamba Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alikuwa akiomba kinga ya Mwenyezi Mungu juu ya mambo mawili aliyoyataja kwa majina mawili mbalimbali: kutoweza, na uvivu. Hakuyachanganya. Asiyeweza ni yule ambaye nia anayo lakini nguvu hana. Mvivu ni yule ambaye nguvu anazo lakini nia hana. Magonjwa haya mawili kwa nje hufanana, kwani wote wawili wamelala na jua limewachomozea. Lakini dawa zake si moja. Anayempa mgonjwa viboko hamponyi, na anayembembeleza mvivu hamsaidii. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwenye kujihesabu nafsi ni kujua amepatwa na lipi kati ya mawili haya. Na mara nyingi atakuta amepatwa na yote mawili, kila moja kwa sehemu yake.

Tuanze na lile la kutoweza. Mwenyezi Mungu ameufanya usiku kuwa vazi na mchana kuwa wakati wa kutafuta maisha, kama inavyofundisha Kurani Tukufu katika Sura An-Naba. Mwili wa mwanadamu umeumbwa kufuata utaratibu huo. Ndani ya ubongo imo saa ya mwili, nayo hurekebishwa na mwanga unaoingia machoni. Giza likiingia, tezi ndogo iliyomo kichwani hutoa homoni iitwayo melatonini, ambayo huutangazia mwili kwamba usiku umefika. Na mwanga wa asubuhi huizuia homoni hiyo.

Sasa fikiri: mtu aliyekulia Dar es Salaam amezoea mchana ambao mwaka mzima haupungui saa 11 na nusu wala hauzidi sana saa 12 na nusu. Kule London mchana wa Juni hufika saa 16 na nusu, na ule wa mwisho wa Desemba haufiki hata saa 8. Jua huchomoza saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 alasiri, na mara nyingi siku nzima limefichwa na mawingu. Mfanyakazi hutoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Ni ajabu gani basi mwili wake ukidhani kwamba usiku haujakwisha?

Wako ambao uzito huo huwafikisha kwenye ugonjwa hasa. Daktari Norman Rosenthal, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, alitoka Johannesburg akahamia New York, na huko akagundua kwamba nguvu zake mwenyewe hupungua kila majira ya baridi na kurejea majira ya kuchipua. Mwaka 1984 yeye na wenzake walitoa maelezo ya kitaalamu juu ya huzuni inayowajia watu kila mwaka katika miezi ya giza, pamoja na usingizi mwingi na hamu kubwa ya vyakula vya wanga na vitamu, na jinsi mwanga mkali unavyoweza kuwasaidia. Basi angalia: mtu huyu naye alitoka chini ya jua la Afrika, na alipoelemewa hakujiita mvivu, alitafuta sababu.

Wala usidhani kwamba dini haikuijua hali ya kuzidiwa na usingizi. Katika kurudi kutoka Khaibar, mwaka wa 7 wa Hijra, Mtukufu Mtume s.a.w. na Masahaba wake walisafiri usiku mpaka wakachoka, wakashuka kupumzika. Bilal r.a. akapewa kazi ya kukesha ili awaamshe. Naye Bilal, mwadhini wa Mtume, akaegemea ngamia wake akiitazama mashariki, na usingizi ukamshinda. Hawakuamka ila kwa joto la jua. Je, waliitwa wanafiki? Hasha! Walisogea mbele kidogo, wakatawadha, ikakimiwa sala, wakasali. Nao wakafundishwa kwamba aliyesahau sala na aisali mara akumbukapo. Lakini yatazame mambo mawili ndani ya kisa hiki. Kabla ya kulala waliweka mlinzi. Na walipoamka hawakungoja kesho. Mwenye kufanya haya mawili hana haja ya kukata tamaa.

Na ile Hadithi ya wanafiki iliyokutia hofu, ifahamu vizuri. Mnafiki huona sala ni mzigo kwa sababu moyoni mwake haipendi. Ikimpita hupumua kwa raha. Wewe ikikupita unalia. Machozi hayo ni ushahidi wa kukutetea. Lakini ushahidi huo hautadumu kama hufanyi lolote, kwa kuwa majuto yasiyofuatwa na kitendo hupoa kama chai iliyoachwa mezani.

Hapa ndipo tunapolifikia jambo la pili, yaani uvivu. Mtukufu Mtume s.a.w. amefundisha kwamba mtu alalapo Shetani humfunga mafundo matatu kisogoni, na kwa kila fundo humshawishi kwamba usiku ungali mrefu. Akiamka na kumkumbuka Mungu, fundo moja hufunguka. Akitawadha, la pili hufunguka. Akisali, hufunguka la tatu, naye hupambazukiwa ana uchangamfu na moyo mwema. Asipofanya hayo hupambazukiwa ana moyo mzito na uvivu. Tazama utaratibu wake! Hakuambiwa mtu angoje nguvu ndipo aamke. Ameambiwa aamke ndipo nguvu zije. Na hakutakiwa afungue mafundo yote kwa pamoja. Fundo la kwanza hufunguliwa kwa ulimi tu, hali mtu bado yumo ndani ya blanketi. Basi, wewe unayeona mlima mbele yako, anza na neno moja la kumsifu Mola wako, kisha keti.

Sasa tuyaweke haya katika matendo.

Kwanza, uhesabu usiku wako. London katika Desemba, Isha huingia karibu na saa 12 jioni, na Alfajiri karibu na saa 12 asubuhi. Mwenyezi Mungu amekupa saa 12 nzima baina ya sala hizo mbili. Ukilala saa 3 usiku na kuamka saa 10 na nusu, umekwisha kulala saa 7 na nusu, na imebaki saa moja na nusu ya tahajud na dua kabla Alfajiri haijaingia. Katika Juni jambo hilo ni gumu sana, kwani kutoka kuzama kwa jua hata kuchomoza kwake ni kiasi cha saa 7 na dakika 20 tu. Kwa hakika majira unayoyalaumu ndiyo yaliyokupa nafasi ya ibada pamoja na usingizi. Tena mchana ni mfupi, na saumu ya sunna ni nyepesi. Katika riwaya moja saumu ya baridi imefananishwa na ngawira ipatikanayo bila jasho la vita. La kusikitisha ni kwamba wengi hutumia usiku huu mrefu mbele ya televisheni na simu mpaka saa 7, kisha wakailaumu baridi.

Pili, utafute mwanga. Mwanga wa ofisini mara nyingi ni luksi 300 hadi 500, lakini nje, hata siku ya mawingu, mara nyingi hupita 1,000. Asubuhi jua likisha kuchomoza, tembea kwa miguu sehemu ya njia ya kazini. Wakati wa Adhuhuri, ukitoka kwenda kusali, usirudi mara moja. Zunguka nje robo saa. Sala zetu zimefungamanishwa na mwendo wa jua, na mwenye kuzihifadhi hulazimika kulitazama jua kila siku. Ziko pia taa maalumu zenye mwanga wa luksi 10,000, ambazo mtu huketi mbele yake nusu saa kila asubuhi. Lakini mwenye maradhi ya macho au ya akili aulize daktari kwanza.

Tatu, usijitese kwa maji. Kutawadha vizuri wakati wa taabu kuna thawabu kubwa, lakini hakuna katazo la kuyapasha moto. Amr bin Al-As r.a., katika msafara wa Dhatus-Salasil, alipatwa na janaba usiku wa baridi kali, akahofia kwamba kuoga kungemwua, akatayamamu na kuwasalisha wenzake. Habari ilipomfikia Mtukufu Mtume s.a.w. alicheka, wala hakumlaumu. Hiyo ni ruhusa ya mwenye kuhofia madhara. Si ya mwenye bomba la maji moto chumbani kwake.

Nne, weka Bilal wako. Saa ya kengele iwe mbali na kitanda, ili ukaizime kwa miguu. Patana na ndugu mmoja mpigiane simu Alfajiri. Peke yake mtu huwa mwepesi kushindwa.

Tano, usipite kiasi. Mtukufu Mtume s.a.w. aliona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili msikitini. Akaambiwa ni ya Zainab r.a., huishika anapochoka katika sala. Akaamuru ifunguliwe, akafundisha kwamba mtu asali maadamu ana nguvu, na akichoka aketi. Kwa hiyo rakaa mbili za tahajud kwa moyo hai ni bora kuliko nyingi za kusinzia. Sala za faradhi usiziache; za sunna uziongeze kadiri mwili unavyozoea.

Sita, ukiona huzuni na uchovu havikuachi kwa muda wa wiki mbili, au unaanza kuona maisha hayana maana, nenda kwa daktari bila kuchelewa. Usingizi wa kupita kiasi huweza kutokana na upungufu wa damu, kisukari au ugonjwa wa tezi ya shingo. Kutafuta dawa ni kumtii Mtume aliyewaamrisha wafuasi wake wajitibu.

Nanyi ndugu wa Njombe na Makete, ambao kipupwe chenu ni cha Juni mpaka Agosti, mchana wenu haupungui sana. Shida yenu ni baridi yenyewe. Jifunikeni vizuri, lakini msilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu humletea mtu kichwa kuuma na usingizi, na usingizi huo unaweza kuwa ndio wa mwisho.

Ndugu msomaji, neno la majira ya baridi limetajwa mara moja tu katika Kurani Tukufu, nayo ni katika Sura Quraish. Halikutajwa pamoja na kulala. Limetajwa pamoja na safari, na mara baada yake watu wameamrishwa wamwabudu Mola wa Nyumba ile, aliyewalisha katika njaa na kuwapa amani katika hofu. Basi baridi nayo ina safari yake. Yako ya kesho ni fupi mno: ni kutoka kitandani mpaka kwenye mswala. Ukichelewa, isali sala mara uamkapo, kisha usiku unaofuata weka mlinzi tena. Lakini usiseme umefukuzwa, kwani hakuna aliyekufukuza.

Ee Mola wetu, utukinge na kutoweza na uvivu. Uwape nguvu waliochoka, uwaponye walio wagonjwa, na utuamshe sisi sote kabla ya siku ambayo hakuna tena kulala. Amin.