Je, Kunyamaza kwa Mume ni Upendo?

Mwanamume akichomewa nyumba au akishuhudia jirani akiuawa, mara nyingi huambiwa neno moja tu: jikaze. Naye hujikaza. Hataki mkewe alie, hataki watoto waogope. Tusimdharau kwa hilo, maana nia yake ni njema. Lakini je, kunyamaza huko ni upendo kweli?

Hapa Kenya tuna sababu ya kuuliza. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakayakimbia makao yao, wengi wao katika Bonde la Ufa. Mvulana aliyekuwa na miaka kumi wakati ule huenda leo ni mume na baba.

Jeraha la moyo la namna hiyo huitwa kiwewe. Dalili zake ni kukosa usingizi, ndoto za kutisha, kushtuka kwa kishindo kidogo, hasira za ghafla, kujitenga na watu, na mara nyingine ulevi. Si kurogwa, wala si upungufu wa imani. Ni mwili unaoendelea kujilinda na hatari iliyokwisha kupita. Kwa hiyo, yale ambayo baba anadhani ameyaficha, mke na watoto wanayaona kila siku. Mdomo umenyamaza, lakini mkono unasema na chupa inasema. Hapo kunyamaza si zawadi tena kwa familia. Kumekuwa mzigo ambao wengine wanaubeba bila kujua ulitoka wapi.

Wapo waliotafuta njia. Mwaka 2003, huko Rwanda na Burundi, Wakristo wa Kanisa la Friends, yaani Waquaker, walianzisha semina za siku tatu za uponyaji. Baada ya ghasia za 2008 semina hizo zililetwa Kenya pia. Watu wapatao ishirini, nusu kutoka kila upande wa ugomvi, huketi pamoja. Hujifunza kiwewe ni nini, huomboleza waliowapoteza, na huzungumza juu ya hasira. Kisha huchora miti miwili, mti wa kutoaminiana na mti wa kuaminiana, wakitaja mizizi na matunda ya kila mmoja. Mwanamume anayesikia jirani yake akieleza ndoto zinazofanana na zake hugundua kwamba hakuwa mwendawazimu wala dhaifu.

Bwana mmoja atasema, "Mambo ya nyumba yangu hayaendi barazani." Ana haki kwa sehemu. Lakini katika kikundi kama hicho mtu huenda kueleza jeraha lake mwenyewe. Haendi kutangaza makosa ya mkewe. Aibu ya nyumba ni ile inayosikika kwa majirani usiku.

Nawe mama, usigeuke askari wa kuhoji. Yako mambo ambayo mume wako huenda asiweze kukusimulia kamwe, naye hakosi kwa hayo. Siku ya ndoa hakuahidi kukueleza kila alichokiona. Aliahidi kukupenda na kukuheshimu. Basi anachokudai dhamiri yake ni kutafuta kupona, hata kama maneno yenyewe atamwambia padri, mshauri au wanaume wenzake.

Hata hivyo tusichanganye mambo. Jeraha hueleza kwa nini mtu ana hasira, lakini halimpi ruhusa ya kumpiga mtu. Mama anayepigwa halazimiki kungoja mumewe apone. Atafute kwanza usalama wake na wa watoto. Huko si kuvunja ahadi.

Baba, kumbuka pia kijana wako. Ukimwambia "mwanamume halii," anajifunza kwamba maumivu hayana mlango isipokuwa ngumi. Akikuona ukienda kwenye kikundi na kurudi mtulivu zaidi, amejifunza jambo ambalo hotuba haiwezi kumfundisha. Kama parokiani kwenu hakuna kikundi, ulizeni katika jumuiya ndogo ndogo ni nani aliye tayari kuanza.

Jioni hii, watoto wakishalala, ulizaneni maswali mawili. Ni mzigo gani unaoubeba peke yako? Ni nani ungependa akusaidie kuutua? Anayeulizwa asilazimishwe kujibu leo. Inatosha ajue kwamba ameulizwa kwa upendo.