Je, Kutengeneza Kilichotupwa ni Aibu?

Wako watu wanaodhani kwamba kutengeneza chombo kilichotupwa na mwingine ni dalili ya unyonge. Mwenye nacho, husema, hununua kipya. Yafaa tulipime neno hili kwa mfano wa chombo ambacho wachache hutazamia kifufuke, yaani kompyuta kuukuu ya nyumbani.

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Basi Commodore 64 ilipotolewa huko Marekani mwaka 1982, mashine iliyounganishwa na televisheni ya kawaida sebuleni, nyumba nyingi za Moshi hazikuijua. Marufuku hayo yamekwisha zamani, lakini aipataye leo huipata imechakaa, na pengine imenyamaza kabisa.

Walakini kunyamaza si kufa. Fundi mwenye subira haanzi kwa kulehemu. Huanza na adapta, kwa maana ile ya asili ikizeeka huweza kutoa zaidi ya volti 5 zipasazo, ikaunguza chipu za kumbukumbu. Huipima kwa mita kabla ya kuiunganisha. Ikiwa mbovu, hutafuta nyingine iliyo salama. Kisha hutazama fyuzi, huchomoa chipu zilizo katika soketi na kuzirudisha ili miguu yake ishike vema, na husafisha vibonye kwa spiriti. Huenda kazi ikaishia hapo.

Amepata faida gani? Kumbukumbu ya kilobaiti 64 ni haba mno mbele ya simu iliyo mfukoni mwake. Lakini simu ile anaitumia tu. Mashine hii anaijua. Jana ilikuwa masazo ya mtu mwingine, leo ni yake kwa haki ya kazi.

Wazee wa Uchagani walilijua jambo hili. Ukoo ulioanzisha mfongo uliheshimiwa, lakini maji hayakufika kihambani kwa heshima peke yake. Siku ya kuuzibua ilipotangazwa, asiyefika alitozwa faini. Haki ya kutumia ilifungamana na wajibu wa kutengeneza.

Huenda msomaji akauliza: je, hii si njia ya kuwapa wengine ruhusa ya kutugeuza jalala? La hasha. Ajuaye kutengeneza ndiye awezaye kukataa, kwani hutambua kipi kina uhai na kipi hakina. Naye apelekaye mashine mbovu shuleni bila kuijaribu, akaiita zawadi, hakutoa kitu. Amehamisha taka zake tu.

Kwa hiyo aibu haiko katika kutengeneza. Iko katika kutupa tusichokifungua, na kupokea tusichokipima. Mzazi amwonapo mwanawe, wa kiume au wa kike, akifungua redio iliyokufa, asimkaripie. Amfundishe kwanza kuchomoa waya wa umeme, kisha ampe bisibisi.