Mama Aliuliza Ndege Inachukua Saa Ngapi

Usiku wa Oktoba 28, 2018, ndege ya Shirika la Ndege la Kenya iliondoka Nairobi ikatua New York asubuhi iliyofuata, bila kusimama popote njiani. Ni kilomita zipatazo 11,800. Kabla ya hapo sisi tulioko Marekani tulikuwa tukipitia Ulaya au nchi za Ghuba, tukisinzia kwenye viti huku tukingoja ndege ya pili. Sasa ni kama saa 15 kuja huku, na kama saa 14 kurudi.

Tofauti hiyo huletwa na upepo. Huko juu, upande wa kaskazini, upepo mkali huvuma kutoka magharibi. Huizuia ndege inayokuja Amerika na kuisukuma inayokwenda Afrika. Yaani safari ya kurudi nyumbani ndiyo ya haraka. Nilipolijua hilo nilicheka, kisha nikanyamaza. Nilikuwa nimemaliza miaka sita bila kumwona mama yangu, aliyeko Voi.

Je, umbali hupunguza wajibu? Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, barua ya kwenda kwao Ulaya ilisafiri kwa miezi. Aliyeaga wazazi wakati ule aliwaaga akijua huenda wasionane tena, na sidhani kama Mungu alimdai awepo mahali asipoweza kufika. Mimi nami nilijifunika blanketi hilo hilo. Nilisema ni mbali. Ndege ilipoanza kuruka moja kwa moja, blanketi likavutwa.

Lakini hapa tusihukumiane. Wako ndugu katika ushirika wetu ambao hawana karatasi. Wakitoka hawatarudi, na watoto wao wamezaliwa huku. Kwao saa hizo 15 ni ukuta. Wapo waliomzika mzazi kwa kutazama simu, wamesimama jikoni na sare ya kazi. Mtu kama huyo asiambiwe na yeyote kwamba hana upendo.

Mimi karatasi ninazo. Nauli ni kubwa, ila mwaka juzi nilinunua gari. Kila mwezi nilituma pesa, nikaona nimeitimiza amri ya kumheshimu mama. Na pesa si kitu kidogo, zimemtibu macho. Hata hivyo nikisoma Luka 10 siku hizi nakwama kwa yule kuhani na yule Mlawi. Hawakuzuiwa na umbali. Walikuwa barabara ile ile, hatua chache tu, wakapita kando. Huwa najiuliza: kama kungekuwa na njia ya kumtumia yule majeruhi pesa bila kumkaribia, wangetuma? Nadhani wangetuma, tena siku hiyo hiyo.

Mama hajawahi kunilaumu. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilimpigia. Akauliza habari za hiyo ndege isiyosimama, kama ni kweli ipo na inachukua saa ngapi. Nikamwambia. Akauliza kama humo ndani watu wanapewa chakula.

"Wanapewa, Mama. Mara mbili."

Akakaa kimya kidogo. "Mara mbili tu? Basi si mbali, mwanangu."

Nikamwuliza kama mvua imenyesha.