Vyombo vya Mjane

Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya nne, twasoma habari za mjane wa mmoja wa wana wa manabii. Mumewe amekufa, deni limebaki, na mwenye kumwia amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha hakumpa fedha. Alimwuliza kwanza ana nini nyumbani mwake, naye akajibu kwamba hana kitu ila mafuta kidogo. Ndipo alipoambiwa aende kwa jirani zake wote akaazime vyombo vitupu, wala visiwe vichache. Mafuta yakamiminika hata chombo cha mwisho kikajaa; na mwanawe aliposema kwamba hakuna chombo kingine, mafuta yakakoma.

Liangalieni jambo hili. Mafuta hayakukoma kwa kuwa Mungu alichoka kutoa. Yalikoma kwa kuwa vyombo vilikwisha.

Twayakumbuka maneno haya tufikiripo ugonjwa wa Ukimwi na fedha zilizotoka mbali kwa ajili yake. Mwaka 2000 dawa za kuvidhoofisha virusi vyake zilikuwa na bei ya zaidi ya dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka, na maskini wa Afrika walikufa wakizisikia kwa jina tu. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya Bara Hindi ikakubali kuyauzia mashirika ya huruma kwa dola 350. Mwaka 2002 ukaanzishwa Mfuko wa Dunia wa kupigana na Ukimwi, Kifua Kikuu na Malaria. Na mwaka 2003 Marekani ikatangaza mpango wake uitwao PEPFAR, ambao tangu hapo umetoa zaidi ya dola bilioni 100. Mafuta yalikuja, tena mengi. Je, vyombo vilikuwapo?

Tuwatazame jirani zetu wa Malawi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Mwaka 2004 nchi ile ilikuwa na waganga wapatao wawili tu kwa kila watu 100,000. Zaidi ya nusu ya nafasi za wauguzi zilikuwa tupu. Wengine walikufa kwa ugonjwa ule ule waliokuwa wakiuuguza, wengine walikwenda Uingereza kutafuta mshahara wa kuwatosha. Dawa zilikuwa njiani kuja. Lakini ni nani atakayempima mgonjwa, amfundishe kuzimeza kila siku pasipo kukosa, na kumwita tena asiporudi? Dawa bila mtu wa kuigawa ni mafuta yamwagwayo mchangani.

Basi Serikali ya Malawi ikafanya jambo ambalo wengi waliliogopa. Pamoja na Uingereza na Mfuko wa Dunia, ilianza mwaka ule mpango wa dharura wa kuwaongezea watumishi wa afya mishahara kwa asilimia 52, kupanua vyuo vyao, na kuandika maelfu ya watumishi wa afya wa vijijini. Tena nyongeza ile haikutolewa kwa wale wa Ukimwi peke yao. Ilimfikia mkunga, na mpima damu, na mtumishi wa hospitali za makanisa vilevile. Mwaka 2004 watumishi wenye ujuzi walikuwa 5,453. Mwaka 2009 walikuwa 8,369. Na mwaka 2011 Malawi ikatangulia mbele ya mataifa mengine kwa kumpa kila mwanamke mwenye mimba aliye na virusi dawa za maisha yake yote. Jambo hilo lingewezekanaje pasipo muuguzi katika zahanati ya mbali? Muuguzi huyo huyo humzalisha mwanamke asiye na ugonjwa huo, humchanja mtoto wa mwenye malaria, na humfunga kidonda mkulima aliyejikata kwa jembe. Rwanda nayo ilitumia sehemu ya fedha za Mfuko ule kuwalipia maskini ada ya bima ya afya, ili wasizuiliwe mlangoni kwa ugonjwa wo wote.

Hivyo ndivyo tunavyosema vyombo.

Walakini si kila mahali palipofanyika hivyo. Mara nyingi mradi ulikuja na ofisi yake, magari yake, ghala yake na daftari zake, ukawachukua wauguzi walio hodari kutoka hospitali ya Serikali au ya misheni kwa mshahara ambao hospitali haikuuweza. Kazi ilikwenda vizuri, hatukani. Wagonjwa waliamka vitandani. Lakini hivyo vilikuwa vyombo vya kuazima, na chombo cha kuazima kina mwenyewe.

Tarehe 20 Januari 2025 Serikali ya Marekani iliamuru misaada yake ya nchi za nje isimame siku 90 ipate kuchunguzwa. Baadaye dawa za kuokoa maisha ziliruhusiwa, lakini katika nchi nyingi watumishi waliolipwa na miradi walikuwa wamekwisha kuambiwa waende zao. Ghala ilikuwa na dawa, na mwenye kuzigawa hayupo. Mgonjwa akiacha dawa, virusi huamka tena mwilini, na mara nyingine huzoea dawa hata isivishinde. Hapo mwenye kutuwia yu mlangoni, naye anawataka wana wetu.

Wako wasemao kwamba ni aibu kupokea fedha za wageni, na afadhali zimekoma. Hatukubali neno hilo. Makanisa ya Makedonia na Akaya yaliwachangia maskini wa Yerusalemu, na Paulo hakuliona kuwa aibu. Ila Elisha hakumwambia mjane akae akingoje chupa nyingine. Alimwambia auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichosalia. Zimbabwe tangu mwaka 2000 hukata asilimia 3 juu ya kodi ya mapato kwa ajili ya Ukimwi, katika miaka yake migumu hata leo. Hayo ndiyo mafuta kidogo ya nyumbani. Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika waliahidi huko Abuja kuitengea afya asilimia 15 ya bajeti zao. Nchi nyingi hazijafika, nasi twaichagua mikono inayoigawa bajeti hiyo.

Na sisi katika makanisa? Twapenda kujenga. Twachangia wodi kwa furaha, na jiwe la msingi lina majina. Mshahara wa muuguzi hauna jiwe la msingi, wala hakuna askofu aitwaye kuubariki kila mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo twawasihi wazee wa kila usharika waende kwenye zahanati iliyo karibu, wamwulize mganga kwa upole: ni watumishi wangapi hapa wanaolipwa na mradi, na fedha zake zitakwisha lini? Wayaandike majibu, wampelekee diwani, na nakala waipeleke kwenye halmashauri ya dayosisi kabla bajeti haijapangwa. Hata habari ya muuguzi mmoja tu, na mwezi ambao mshahara wake utakoma, yatosha kuanzia.