Alikosa Nini, Alikosa Wapi

Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachobeba mambo mawili ambayo mahakama hulazimika kuyatenganisha. Tunasema muuguzi alikosa damu, maana yake aliitafuta asiipate. Tunasema pia muuguzi alikosa, tukaishia hapo, na maana imegeuka: alitenda asilopaswa, au aliacha lililompasa. Kukosa ni kupungukiwa, na kukosa ni kutenda kosa. Nomino moja ikifuata, yeye ni mnyonge. Isipofuata, yeye ni mkosaji. Lugha inaruhusu mambo haya yalale kitanda kimoja. Sheria hairuhusu, na nadhani ndiyo maana namfikiria sana mtu wa aina moja: muuguzi aliyevua sare, akasoma sheria, akaapishwa kuwa wakili, na sasa anashughulikia mashauri ya uzembe wa kitabibu.

Watu hawa ni wachache. Marekani wana chama chao tangu 1982. Kwetu Tanzania njia ipo, ingawa ni ndefu: shahada ya sheria, pengine kwa kusoma Chuo Kikuu Huria huku akiingia zamu, kisha Shule ya Sheria Dar es Salaam, ambayo ilianza kufundisha 2008. Aliyezoea kuitwa sista anaanza kuitwa wakili msomi. Namweka Sumbawanga kwa fikra, kwa sababu Ufipa, uwanda unaouzunguka mji huo, imeliuliza swali lake, la nani wa kulaumiwa, kabla ya kuwa na mahakama wala wodi.

Wenyeji hulieleza jina la mji hivi: sumba ni kutupa, wanga ni uchawi. Tupa uchawi. Watu wa mbali hulichukua jina hilo kuwa ushahidi kwamba mji ni wa wachawi; mimi nasikia ndani yake amri ya kuukataza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 uwanda huu ulipitiwa na Kamchape, watu waliozunguka vijijini wakiwasaka wachawi na kugawa dawa ya kuuzima uchawi wao. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyewachunguza Wafipa kwa miaka mingi, aliandika habari zao mwaka 1968. Ukiondoa dawa na vitisho, linabaki wazo ambalo si la kijinga hata kidogo: msiba una sababu, na mara nyingi nyuma ya sababu yupo mtu. Ubaya wake ni namna ya kumpata mtu huyo. Hakuna faili, hakuna mashahidi wa kuhojiwa, mtuhumiwa hapewi nafasi ya kujibu. Nchini mwetu vikongwe wameuawa kwa macho mekundu waliyoyapata kwenye moshi wa kuni.

Mlango mwingine wa kutokea, ukiacha ule wa mchawi, ni ule tunaoupitia makaburini: kazi ya Mungu haina makosa. Ni maneno ya faraja, na sithubutu kumnyang'anya mfiwa. Lakini yanaposemwa na kituo cha afya badala ya mchungaji, hugeuka kuwa kufuli. Kati ya mchawi na Mungu kuna njia nyembamba. Aristotle aliitenga karne nyingi zilizopita, aliposema kwamba madhara ni ya namna tatu: yale ambayo hakuna aliyeweza kuyatazamia, yale ambayo yangetazamiwa ingawa aliyeyaleta hakuwa na nia mbaya, na yale yanayotendwa kwa makusudi. La kwanza ni bahati mbaya, la pili ni kosa, la tatu ni dhuluma. Sheria ya uzembe inaishi katika la pili. Mchawi anatafutwa katika la tatu, na Mungu anatajwa katika la kwanza.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama amepatwa na uchungu katika kituo cha afya bondeni, upande wa Mtowisa, na uchungu umekwama. Kati yake na chumba cha upasuaji Sumbawanga umesimama ukuta wa Lyamba lya Mfipa: kutoka joto la Ziwa Rukwa hadi baridi ya uwanda ni kupanda mita zipatazo 1,000. Mtoto anafia njiani. Miezi miwili baadaye baba yake ameketi ofisini kwa wakili wetu na anauliza jambo moja: “Mama, nani ameniulia mwanangu?”

Wakili ambaye hajawahi kukesha wodini ataanza na kifo na kurudi nyuma. Huyu anaomba faili, na ndani ya faili anakwenda moja kwa moja kwenye patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu. Philpott na Castle waliitengeneza Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na kuichapisha mwaka 1972, ili wakunga wa zahanati za mbali wajue ni wakati gani wa kumpa mama rufaa. Ina mstari wa tahadhari, na kulia kwake, umbali wa saa nne, mstari wa kuchukua hatua. Anaufuata kwa kidole. Alama imevuka tahadhari saa nne usiku. Saa nne na robo mkunga amepiga simu kuomba gari. Saa tano amepiga tena. Mapigo ya moyo wa mtoto yameandikwa kila nusu saa, na wino umefifia pale kalamu ilipoanza kuisha. Gari limefika saa tisa. Mkunga huyu alikosa gari. Hakukosa.

Sasa lipo faili jingine, la kituo kingine. Mtoto wa umri ule ule, kifo kile kile. Kuanzia saa mbili hadi saa nane usiku alama zimepangika vizuri, mapigo yale yale kila mara, kalamu moja, mwandiko usiotetereka. Jaji ataona karatasi safi. Muuguzi wa zamani ataona chati iliyojazwa asubuhi. Anajua mkono unavyoandika mtu akiwa amesimama, tochi ya simu mdomoni, mgonjwa wa pili akiita. Na anajua unavyoandika ukiwa mezani kabla ya kukabidhi zamu. Anajua kwa sababu huenda na yeye aliwahi kujaza hivyo, usiku mmoja alipokuwa peke yake na wagonjwa wengi kupita uwezo wake. Naona hapo ndipo ilipo heshima ya kazi yake, na pia mzigo wake. Anayemshtaki mwenzake kwa kosa ambalo yeye mwenyewe angeweza kulitenda hana budi kupima neno mara mbili.

Kuna hatari inayomkabili, nayo ni ya kila anayesoma faili mchana. Yeye anaujua mwisho, aliyeliandika hakuujua. Mwaka 1947, katika hospitali ya Chesterfield huko Uingereza, wagonjwa wawili walipooza baada ya kuchomwa ganzi ya uti wa mgongo. Vichupa vya ganzi vilikuwa vimehifadhiwa katika fenoli, na ilidaiwa fenoli hiyo ilipenya kupitia nyufa zisizoonekana kwa macho. Kufikia 1951 kitabu cha ganzi kilikuwa kimekwisha kuonya. Kesi ilipofika mwisho, mwaka 1954, majaji walikataa kuutazama mwaka 1947 kwa miwani ya 1954, na wagonjwa wakashindwa. Ni hukumu inayouma. Watu wawili walibaki wamepooza bila fidia. Hata hivyo naiona kuwa ya haki, maana huwezi kumdai mtu maarifa ambayo hayakuwapo duniani.

Linganisha na kesi ya Charleston, jimbo la Illinois. Mwaka 1960 kijana wa miaka 18 alivunjika mguu akicheza mpira, akafungwa plasta. Vidole vilivyotokeza nje ya plasta vilivimba, vikawa vyeusi, vikapoa, vikafa ganzi. Mguu ulikatwa. Mwaka 1965 Mahakama ya Juu ya jimbo ilithibitisha kwamba hospitali yenyewe inawajibika, na sehemu ya hoja ilikuwa wauguzi: walipaswa kuvitazama vidole mara kwa mara na kupaza sauti daktari asipochukua hatua. Nyufa za Chesterfield hakuna jicho lililoweza kuziona. Vidole vya Charleston vilikuwa nje, mchana na usiku.

Lakini nisimwachie msomaji wazo kwamba ukisema “alikosa vifaa” shauri limekwisha. Hapo ndipo linapohamia kwa mwingine. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishiwa upasuaji: aliyekuja kwa goti alipasuliwa kichwa, na mwenye ugonjwa wa kichwa akapasuliwa goti. Huyu wa pili alifariki baadaye. Karibu na wakati huo, katika hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ilikuwa ikijaribiwa orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, mambo 19 ya kuthibitisha, mojawapo likiwa ni kumtambua mgonjwa kabla ya kisu. Ifakara ilikuwa moja ya hospitali nane duniani zilizoteuliwa, na kwa jumla katika hospitali hizo vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi moja tu. Mwaka 2018, miaka kumi baada ya orodha hiyo kutolewa, mgonjwa mwingine alipasuliwa kichwa kimakosa, badala ya mwenzake, Hospitali ya Kenyatta, Nairobi. Mtu mmoja akikosea jina, kosa ni la mtu. Likirudiwa ilhali dawa yake inajulikana, lipo kosa la aliyepaswa kuweka utaratibu na hakuuweka. Vivyo hivyo gari la Mtowisa: mkunga alilikosa, ila yupo aliyepaswa kulileta, na kukosa kwa mkunga kunaweza kuwa kosa la mtu aliyelala kwake.

Sheria yetu inampa baba yule njia ya kumfikia huyo aliye juu, lakini kwa kupanda mlima mwingine. Kituo kikiwa cha serikali, notisi ya siku 90 kwanza, kisha Mahakama Kuu, Mwanasheria Mkuu wa Serikali akiunganishwa. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka mitatu. Kwa baba mwingine, mkulima wa mahindi aliyetumia mwaka wa kwanza kuomboleza na wa pili kuamini amerogwa, miaka mitatu ni mifupi sana.

Hospitali zina njia yao nyingine, vikao vya kujadili vifo vya akina mama na watoto wachanga, ambavyo kanuni yake ni kutotaja jina wala kulaumu. Naviunga mkono. Mtu anayeogopa jela haandiki ukweli, na vifo vya uzazi nchini vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 vilikadiriwa kuwa 104 katika ule wa 2022. Haikuwa kazi ya mawakili. Ila katika kikao kile kiti cha baba hakipo. Wataalamu wanatoka wakijua, yeye anabaki na uvumi. Na uvumi, Ufipa kama kwingineko, huishia kwenye mlango wa jirani.

Kwa hiyo siamini wale wanaosema muuguzi huyu amewageuka wenzake. Siku ngumu kuliko zote katika kazi yake, nadhani, si ile ya kumhoji sista mwenzake kizimbani. Ni ile ya kumrudishia baba faili na kumwambia: “Baba, nimesoma kila ukurasa. Mkunga wako alifanya yote. Hakuna aliyemroga mtoto, wala sista hakumuua. Gari halikuwapo, na hilo tutaliuliza.” Maneno hayo yakitoka kwa wakili asiyejua leba, yatasikika kama kukataa kesi. Yakitoka kwake, baba anaweza kurudi kijijini bila mtu wa kumchukia.

Hayo yote yanategemea jambo dogo linalofanyika usiku huu. Ndugu yangu uliye zamu Laela, Kirando, Matai au Mtowisa: usiandike uliyoyafanya tu. Andika na ulichokikosa, jina la uliyempigia kukiomba, na saa.