Doa na Dawa Yake

Wahenga walituachia methali mbili ambazo, zikiwekwa bega kwa bega, zaonekana kugombana. Moja yasema: maji yakimwagika hayazoleki. Nyingine yasema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ya kwanza yatuonya kwamba tendo likishatendeka halirudi. Ya pili yatutaka tulipe kisogo lililotendeka na kushika njia. Mwalimu azifundishapo methali hizi kwa kawaida huipa kila moja mahali pake pa kutumika, kisha husonga mbele. Lakini swali lililojificha baina yao halimaliziki kwa hayo. Je, mtu aliyemkosea mwenzake aweza kulitengua kosa lake? Na ikiwa hawezi kulitengua, amebakiwa na wajibu gani?

Nataka kulitazama swali hilo kwa kupitia kazi moja ya mikono, nayo ni kujifunza kuchanganya rangi kwa kalamu za wino wa spiriti. Nimeichagua kazi hii kwa sababu haina kifutio. Mchoraji wa penseli akikosea hufuta, na mwandishi akikosea hukata neno na kuandika jingine. Anayejifunza kalamu hizi hana hata moja kati ya njia hizo, na kwa hiyo hukutana na swali letu kila anapokaa mezani.

Kalamu zenyewe zina ncha ya felti, au ncha laini mfano wa brashi, na ndani yake mna rangi iliyoyeyushwa katika alkoholi, ambayo hapa nitaiita spiriti. Spiriti hukauka upesi, nayo rangi ikabaki karatasini. Miongoni mwa zinazojulikana sana ni Copic, zilizotolewa na kampuni ya Too ya Japani mwaka 1987. Wachoraji wa majengo, wa bidhaa na wa hadithi za picha walikuwa wakitoa nakala za michoro yao kwa mashine kisha wakiipaka rangi. Wino ulioweza kuyeyusha mistari ya nakala uliuchafua mchoro wote. Wino wa Copic ulitengenezwa hivi kwamba rangi iyeyuke na kuchanganyika, lakini mistari ibaki palepale. Leo rangi zake ni 358, na kila moja hutambulishwa kwa herufi za ukoo wake na kwa namba. Tarakimu ya mwisho huonyesha wepesi au uzito wake. Mwalimu wa Kiswahili hatashangaa kusikia kwamba majina hayakutosha. Lugha yetu ina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyofuata upatanisho wa ngeli, yaani -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingi za zilizobaki tumeziazima kwa jani, manjano, jivu, kahawa na zambarau.

Sasa tumwangalie mwanafunzi. Amechora chungwa, naye anataka lionekane mviringo na siyo bapa kama sahani. Huchagua kalamu tatu za ukoo mmoja: nyepesi, ya kati na nzito. Hutumia karatasi nene yenye uso laini. Kwanza hupaka rangi nyepesi kote. Kisha huweka ya kati upande ulio mbali na mwanga, na nzito pembeni kabisa kwenye kivuli. Hapo chungwa lake lina michirizi mitatu kama kitambaa cha bendera. Kazi ya kuchanganya ndiyo kwanza yaanza. Wino ukiwa bado mbichi, huirudia kalamu ya kati na kuipitisha juu ya mpaka wa rangi nzito, kwa mipigo mifupi inayoinuliwa mwishoni. Kisha huirudia nyepesi juu ya mpaka wa ile ya kati. Spiriti ya kalamu moja huilainisha rangi ya kalamu nyingine, nazo hupenyezana. Akifaulu, jicho halijui tena pa kusema hapa moja imekwisha na nyingine imeanza.

Katika kujifunza hivyo hugundua mambo matatu. La kwanza ni kwamba wino huu haufuniki. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi nzito za mafuta, za aina ya kupakia baiskeli. Na mwenye kutumia rangi hizo akikosea mguu wa chui husubiri ukauke, akaupaka rangi nyingine juu, na hakuna atakayejua. Wino wa spiriti hupitisha mwanga kama kioo cha rangi. Njano juu ya buluu huleta kijani, kwa kuwa buluu ingali chini yaonekana. Kwa sababu hiyo mwanafunzi huelekezwa aanze na nyepesi: kutoka wepesi kwenda uzito njia ipo, lakini kutoka uzito kurudi wepesi njia ni nyembamba mno.

Jambo la pili lahusu kalamu isiyo na rangi. Katika seti huwamo kalamu yenye spiriti tupu, na mwanafunzi mgeni hudhani amepata kifutio. Hulikuta doa, akalipitishia kalamu hiyo, na doa likapauka, furaha iliyoje! Lakini akitazama vizuri huona utepe uliokoza umezunguka mahali pale, na akigeuza karatasi hukuta wino umetokeza nyuma. Rangi haikutoweka. Imesukumwa pembeni na chini, ikawa mzigo wa sehemu nyingine ya karatasi.

Jambo la tatu ndilo kubwa kwangu. Rangi iliyokauka huweza kulainishwa tena, lakini kwa kitu kilekile kilichoileta. Maji hayafai kitu juu yake. Hupita kama mvua juu ya jani la mgomba. Spiriti ndiyo iliyoibeba rangi hadi karatasini, na spiriti ndiyo inayoweza kuifungua, pale pale ilipo, ili ipokee rangi ya jirani yake.

Turudi sasa kwenye methali zetu. Anayeishika ile ya kwanza peke yake, kwamba maji yakimwagika hayazoleki, huingiwa na hofu. Namna hii ya watu ipo katika rangi: hushika kalamu, hupima, hupima tena, na mwisho karatasi hubaki nyeupe. Ipo pia darasani. Ni mwalimu ambaye, kwa kuchelea kumuumiza mwanafunzi, hamsahihishi kamwe, na mwanafunzi huondoka shuleni na makosa aliyokuja nayo. Karatasi yake haina doa, lakini haina chungwa pia.

Anayeishika ya pili peke yake hutafuta rangi ya kufunika. Asema yameisha, tusiyataje. Au huukabidhi wakati kazi hiyo, akisema kwamba siku zitayafuta. Kalamu zetu zina jibu juu ya hilo. Rangi zake huchujuka zikiwekwa juani, ndiyo maana wenye picha za namna hii huziweka mbali na mwanga mkali. Lakini jua halichagui. Hulipausha doa, na hulipausha chungwa lenyewe. Ndivyo ulivyo wakati: ukiachiwa usahaulishe ubaya baina ya watu wawili, mara nyingi husahaulisha na wema uliokuwapo.

Tuseme kuna mwanafunzi hapa kwetu Uganda ambaye lugha ya nyumbani kwao ni Luganda. Katika lugha hiyo *r* na *l* hazitofautishi maneno kama zifanyavyo katika Kiswahili. Basi husimama mbele ya wenzake na kusema "habali za asubuhi". Mwalimu, aliyechoka siku hiyo, huigiza matamshi yake kwa mzaha, na darasa zima huangua kicheko. Mwanafunzi huketi. Jioni mwalimu huona kwamba alikosea, na kesho yake humwita faraghani, humpa maneno mema, pengine humwongezea na alama mbili katika daftari. Mwalimu aenda zake moyo ukiwa mwepesi. Lakini wiki hupita, mwezi hupita, na mwanafunzi yule hanyoshi mkono tena.

Kwa nini maneno mema hayakufaa? Hayakuwa ya uongo, wala hayakuwa machache. Kasoro yake ni kwamba yalikuwa maji juu ya wino wa spiriti. Aibu ile ililetwa na macho ya watu na vicheko vyao, na wema wa faraghani haukupafikia ilipokauka. Alama mbili za daftarini ni kalamu isiyo na rangi: zilimpunguzia mwalimu uzito, na uzito ukasogea pembeni, ukakaa juu ya mtoto. Dawa ilikuwa ngumu zaidi lakini ilikuwapo. Mwalimu angesimama mbele ya darasa lilelile na kusema kwamba jana alimcheka mtu aliyekuwa akijifunza, na kwamba halikuwa jambo la haki. Kisha angemwomba mwanafunzi, akiwa radhi, aseme tena, na safari hii darasa lingesikiliza.

Basi hili ndilo jibu langu. Kosa halifutiki wala halifunikiki, bali hulainishwa. Na hulainishwa kwa namna ileile lililotendeka, mahali palepale lilipotendeka. Lililotendwa hadharani hutengenezwa hadharani. Lililotendwa kwa ulimi hutengenezwa kwa ulimi, wala si kwa zawadi. Aliyenyimwa haki ya mali hurudishiwa mali, na hotuba haimtoshi. Kuna methali ya tatu isemayo dawa ya moto ni moto, ambayo watu wengi huitumia kuhalalisha kisasi. Nadhani inaweza kusomwa vingine: kwamba lililoharibiwa na kitu fulani hulihitaji kitu hichohicho, katika mikono iliyobadilika nia.

Najua mtu aweza kunipinga hapa, na pingamizi lake lina nguvu. Atasema kwamba karatasi haina moyo. Mchoraji huirudia apendavyo, haiulizi, nayo haikatai. Lakini mtu aliyekosewa aweza kukataa, na pengine kuambiwa asimame tena mbele ya watu ni kumtonesha kidonda. Pingamizi hili nalikubali, na ndiyo sababu nimesema "akiwa radhi". Doa la karatasini ni mali ya mchoraji. Doa nililomtia mwenzangu si mali yangu. Mfano wetu unatufundisha namna ya dawa, lakini hautupi ruhusa ya kuitumia. Wajibu wa mkosaji ni kurudi mahali pale akiwa na dawa inayofaa. Kupokea ni hiari ya aliyekosewa, na akikataa mkosaji hana haki ya kusema ameonewa.

Aidha, asidhani mtu kwamba kulainisha ni kuyakoroga yote pamoja, hata kosa na usahihi visijulikane. Tumeona kwamba wino mzuri huyeyusha rangi ukauacha mstari. Mwalimu anayetengeneza aibu aliyoileta hatakiwi kusema kwamba "habali" na "habari" ni mamoja. Mstari wa lugha hubaki, na mwanafunzi bado atafundishwa kuutetemesha ulimi pale *r* inapotamkwa. Kinacholainishwa ni aibu, siyo kanuni. Walimu wawili hukosea hapa kwa njia mbili: mmoja huilinda kanuni kwa kumvunja mtoto, mwingine humbembeleza mtoto kwa kuivunja kanuni.

Tena kuna kipimo. Karatasi ina kiasi cha wino inachoweza kunywa. Mwanafunzi wa rangi asiyeridhika hurudia na kurudia mahali pamoja, hata karatasi ikatota, wino ukavuka mstari, na nyuzi za karatasi zikaanza kuchambuka. Msamaha unaoombwa kila siku nao huwa hivyo. Anayeuomba mara ya kumi hamtafutii tena mwenzake nafuu, ajitafutia yeye. Mpigo wa kutosha ukishapita, mkono sharti uinuliwe na karatasi iachwe ikauke.

Mwishowe tulitazame lile chungwa lililokamilika. Kivuli chake kizito hakikuondolewa, na kama kingeondolewa chungwa lingekuwa duara tupu. Sisemi kwa hayo kwamba makosa ni mema kwa kuwa huleta vivuli. Mwanafunzi aliyechekwa angekuwa heri asingechekwa. Nasema tu kwamba aliyekwisha kutia wino mzito mahali pasipofaa bado ana kazi ya kufanya, na kazi hiyo yataka ujasiri kuliko kujuta na kuliko kusahau. Sisi tushikao kalamu nyekundu kila siku juu ya madaftari ya wengine tuanze na nyepesi. Na pale mkono ulipokwisha kuteleza, tusiende kuchota maji.