Wingi wa Hesabu na Manufaa ya Elimu

Sisi watu wa pwani jina la Laare twalijua kwa miraa. Ni mji wa soko katika nchi ya Igembe, huko Meru, penye vilima vya Nyambene, na kutoka pande zile mafurushi hushuka mpaka Mombasa, Malindi na Lamu. Katika makala haya hatukukusudia kusema habari ya miraa, kwani hayo yamekwisha kusemwa sana. Twataka kusema habari ya watu wengine wafikao nchi ile kwa haja ambayo wengi wetu hawajapata kuisikia: wao huenda kuhesabu ndege.

Mashariki ya vilima hivyo nchi huteremka katika nyika ya joto, na huko ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Meru, iliyotangazwa mwaka 1966. Mito itokayo Nyambene hupita humo kwenda kuingia katika Mto Tana, ule ule umwagao maji yake baharini Kipini. Kando ya mito hiyo wapo ndege wawili watafutwao mno: bundi mkubwa avuaye samaki usiku, na ndege mmoja mwenye haya, wa miguu myekundu, aogeleaye chini ya matawi yaliyoinamia maji. Mtu hutoka Ulaya au Marekani akakesha usiku kucha ili awaone hao wawili. Na akiisha kuwaona huandika, kisha hushika njia kwenda kutafuta wengine. Maana yumo katika mashindano: ni nani atakayeona aina nyingi zaidi za ndege katika mwaka mmoja, tangu 1 Januari mpaka 31 Desemba.

Wala si mashindano madogo. Mwaka 2008 Waingereza wawili, Alan Davies na Ruth Miller, waliizunguka dunia wakaona aina 4,341. Mwaka 2015 Noah Strycker wa Marekani akaona 6,042, yaani zaidi ya nusu ya aina zote za ndege zijulikanazo duniani. Mwaka uliofuata, 2016, Arjan Dwarshuis wa Uholanzi akampita kwa kuona zaidi ya 6,800. Kenya nayo, yenye aina zaidi ya 1,000, imekuwa uwanja wa mashindano ya namna hii: Novemba 1986 watu watatu, Terry Stevenson, John Fanshawe na Andy Roberts, waliona aina 342 kwa siku moja tu, na ikaandikwa kuwa rekodi ya dunia.

Swali letu ni hili: je, kazi hiyo ni elimu, au ni mchezo, au ni upotevu wa umri? Na je, jawabu lake latuhusu sisi?

Huenda msomaji akaharakisha kujibu: "Huo ni upuuzi wa watu wenye mali na wasio na kazi." La, ndugu yetu, tusifanye haraka. Kwanza, kuwatazama viumbe si upuuzi. Qur'ani imetufundisha katika Sura ya Al-An'aam kuwa ndege ni umma mfano wetu, na katika Sura ya An-Nuur kuwa kila mmoja wao anaijua sala yake na tasbihi yake. Wanavyuoni wetu walilifahamu jambo hili zamani. Al-Jahidh wa Basra, katika karne ya 9, alitunga kitabu kikubwa juu ya wanyama. Na Ad-Damiri wa Misri, katika karne ya 14, akatunga chake. Leo sisi, warithi wao, twaweza kuishi miaka 60 chini ya mwembe mmoja wala tusijue majina ya ndege watano wakaao juu yake.

Bali tuna lililo baya kuliko kutojua. Bundi akilia juu ya paa, wako miongoni mwetu wamwambiao kuwa ameleta mauti, wakamtupia mawe na kumsomea. Mtume (s.a.w.) alikwisha kuibatilisha itikadi ya mikosi ya ndege, na wanavyuoni wengi wamesema kuwa bundi ni miongoni mwa waliokusudiwa. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, baina ya Kilifi na Malindi, yuko bundi mdogo asiyezidi shubiri moja, ambaye duniani haonekani ila mahali pachache mno, kama vile humo na katika milima ya Usambara ya Mashariki. Mgeni hupanda eropleni aje amwone. Na mwenyeji hukimbilia ndani asimsikie. Ni nani kati ya wawili hawa apasaye kumcheka mwenziwe?

Pili, watu hao wana sifa ya amana. Aghlabu mhesabuji yuko peke yake porini, wala hapana shahidi ila nafsi yake, na hesabu yake husimama juu ya ukweli wa neno lake. Aliyesikia sauti asiyoijua barabara hapaswi kuiandika. Tatu, safari zao zina faida kwa watu. Huko Mida, karibu na Watamu, wageni hulipa ada ya kupita juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko, na tangu mwaka 2001 fedha kama hizo zimesaidia karo za watoto wa sekondari wa vijiji vilivyo kando ya msitu ule.

Hayo ndiyo mema yao, na insafu yatulazimu kuyasema. Sasa na tutazame ugonjwa.

Shomoro aonekanaye 1 Januari huhesabiwa mmoja, sawasawa na yule bundi adimu wa Meru. Lakini 2 Januari shomoro yule yule hana thamani tena, amekwisha kuandikwa. Aimbe, ajenge tundu, alishe makinda yake, mshindani hana nafasi ya kumtazama. Je, shomoro amebadilika kwa usiku mmoja? Hakubadilika. Kilichobadilika ni haja ya mtazamaji. Hapo ndipo tujuapo kuwa alichokuwa akikitafuta si ndege, bali ni tarakimu. Kiumbe cha Mwenyezi Mungu kimekuwa kwake kama risiti: ikiisha kuandikwa daftarini, hutupwa.

Ugonjwa huu una jina katika Kitabu chetu. Ni takaathur, kushindana kwa wingi, na Sura nzima imeteremka kutuonya kuwa mashindano hayo huwashughulisha watu mpaka wakaingia makaburini. Wala Sura ile haikusema wingi wa mali peke yake. Kila chenye kuhesabika chaweza kuingia humo.

Yuko mwanamke wa Marekani, Phoebe Snetsinger, ambaye mwaka 1981 matabibu walimwambia kuwa ana saratani na kuwa umri uliobaki haufiki mwaka. Hakuketi kungojea mauti. Aliondoka kwenda kutazama ndege. Mwaka ukapita naye yu hai, na akaendelea kwa miaka 18, hata akaona aina zaidi ya 8,000, idadi ambayo wakati ule hakuna mwanadamu aliyeifikia. Mwaka 1999 alikufa kwa ajali ya gari huko Madagaska, akiwa katika safari hiyo hiyo. Hatumhukumu, hukumu ni ya Mola wake. Tena ana funzo kwetu, kwani aliposikia kuwa siku zake ni chache alisimama, na sisi twasikia hivyo kila Ijumaa wala hatusimami. Lakini twauliza: baada ya 8,000, je, zilikwisha? Zilibaki maelfu. Mwenye kufuata wingi hana siku ya kufika. Hukatiwa njiani tu.

Mtu aweza kupinga akasema: "Mbona dini yetu yenyewe imejaa hesabu? Rakaa zina idadi, tasbihi zina idadi, Zaka ina kiwango." Ni kweli, lakini hesabu ni za namna mbili. Iko hesabu ya mpaka, na iko hesabu ya mashindano. Sala ya alasiri ni rakaa nne, wala mwenye kusali tano hakumshinda mwenziwe, ameharibu. Zaka ya fedha ni 2.5 katika 100, ili tajiri ajue la wajibu na masikini ajue haki yake. Idadi hizo zimewekwa ili zituongoze na zitusimamishe. Hesabu ya mashindano haimsimamishi mtu. Kila akifika, yamwambia aongeze.

Na sasa tujitazame sisi wenyewe, kwa kuwa hakuna faida ya kumtibu jirani hali nyumba yetu ina mgonjwa. Mtu akirudi Makka twamwuliza, "Hii ni umra yako ya ngapi?" Ni nadra kumwuliza amerudi na nini. Madrasa hujisifu kwa idadi ya watoto waliohitimu, na katika hao huenda asiwepo mmoja awezaye kueleza maana ya Sura ndogo aliyoisoma mara elfu. Imamu wa tarawehe husifiwa kwa kumaliza juzuu kabla ya mwingine. Harusi hupimwa kwa sufuria za pilau, na deni lake hulipwa miaka mitatu. Hata darsa zetu hizi, tukizihesabu kwa vikao wala si kwa tabia zilizotengenea, zitakuwa ni kama orodha ya mshindani yule: majina mengi, na aliyejulikana hakuna.

Basi mizani iko wapi? Twaiona katika khatima ya wale watatu wa mwaka 1986. Rekodi yao ya aina 342 haipo tena. Mwaka 2014 kundi moja huko Peru liliona 354 kwa siku moja, na baadaye hiyo nayo ikapitwa. Lakini wawili kati yao, Stevenson na Fanshawe, waliketi wakaandika kitabu cha ndege wa Afrika ya Mashariki, kilichotoka mwaka 2002, chenye picha na habari za aina zaidi ya 1,300. Kwa kitabu hicho kijana wa Malindi au wa Meru aweza kumjua ndege aliye mlangoni pake. Rekodi imekufa, na elimu yaishi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwanadamu akifa amali yake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu, na moja ni elimu yenye kunufaisha watu. Idadi haimo katika matatu hayo.

Tumfikirie pia mkulima wa Laare ambaye hakuwahi kuandika tarakimu hata moja, lakini amjua ndege atangazaye mvua, na ndege alaye wadudu wa shamba lake, na wakati wajengapo matundu. Yeye ajua wachache, lakini awajua. Kasoro yake ni moja: asipomfundisha mwanawe, elimu hiyo itazikwa pamoja naye. Aliyehesabu bila ya kujua, na aliyejua bila ya kufundisha, wote wawili wameacha mikono mitupu.

Kwa hiyo nasaha yetu ni hii. Kabla hujaongeza idadi ya jambo lolote, la dunia au la dini, jiulize mawili: Je, ningelifanya kama hakuna atakayeijua idadi yake? Na je, akija wa kunipita kesho, kitabaki nini mikononi mwa watu? Na walimu wa madrasa zetu wawatoe watoto nje asubuhi moja katika juma, wawafundishe ndege kumi wa mtaa wao: majina yao, chakula chao, na hikima ya Muumba katika mbawa zao. Wakiwa pamoja nao, wawafundishe kuwa bundi ni kiumbe, si mjumbe wa mauti. Kumi hao, wakijulikana barabara, ni bora kwa imani ya mtoto kuliko elfu walioandikwa wakasahauliwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na atukinge na wingi usio na baraka. Wallahu a'lam.